Neno 'Uncle': Je, ni Ami au ni Mjomba?



Katika maneno ya Kiingereza ambayo mtoto wa shule hufundishwa mapema, limo neno fupi 'uncle'. Mwalimu huliandika ubaoni, na kando yake huandika 'mjomba'. Watoto hulikariri, na jambo huonekana limekwisha. Kumbe halijakwisha. Mtoto akirudi nyumbani humkuta ndugu wa baba yake, ambaye humwita baba mdogo, na kitabu cha Kiingereza chasema kwamba huyo naye ni 'uncle'. Jioni akija ndugu wa mama yake, ambaye ndiye mjomba hasa, naye pia ni 'uncle'. Mume wa shangazi yake ni 'uncle'. Na rafiki wa baba yake, mtu asiye na ukoo naye hata kidogo, watoto wa mjini humwita 'anko'. Watu wanne, kila mmoja na cheo chake na wajibu wake, wote wamefungwa katika neno moja.

Jambo hili laweza kudhaniwa kuwa dogo, la kuchekesha tu. Lakini siku hizi maneno ya ukoo hayakai nyumbani peke yake. Huandikwa katika karatasi za shule, za hospitali, za benki, za mahakama na za balozi. Na mtu akiandika neno moja mahali pa lingine, aweza kupoteza haki yake, au kuitwa mwongo hali amesema kweli. Kwa hiyo yafaa neno hili lifunguliwe polepole, ili ionekane lasema nini, limetoka wapi, na linaficha nini.

MAANA YAKE

Kwa Mwingereza wa leo, 'uncle' ni ndugu mwanamume wa baba au wa mama, na vilevile ni mume wa ndugu mwanamke wa baba au wa mama. Neno hili hupima jambo moja tu, nalo ni umbali. Lasema kwamba mtu huyu yuko kando ya wazazi. Halisemi yuko upande wa baba au wa mama. Halisemi ni mkubwa kuliko mzazi au ni mdogo wake. Halisemi kama ujamaa ni wa damu au ni wa ndoa. Mwingereza akitaka kueleza mambo hayo hana neno moja la kuyasema. Hana budi kuongeza maneno mengine baada yake.

Kiswahili hupima kwa kipimo kingine. Ndugu mwanamume wa baba ni baba: akiwa mkubwa kuliko baba mzazi ni baba mkubwa, na akiwa mdogo ni baba mdogo. Watu wa pwani humwita pia ami au amu, neno lililotoka katika Kiarabu. Ndugu mwanamume wa mama ni mjomba, wala hana jina la ubaba. Na mkewe ni mkaza mjomba. Vivyo hivyo kwa wanawake. Dada wa mama ni mama mkubwa au mama mdogo, lakini dada wa baba si mama, bali ni shangazi. Mwingereza huwaita hawa wote 'aunt'.

Basi mtu akitazama vizuri ataona kwamba kanuni ya Kiswahili ni wazi. Ndugu wa mzazi aliye mwanamume kama baba, au mwanamke kama mama, huhesabiwa kuwa mzazi. Aliye kinyume na mzazi, yaani kaka wa mama na dada wa baba, hupewa jina lake mwenyewe na kazi yake mwenyewe.

Kanuni hiyo huonekana tena katika neno la kujibu. Mjomba humwita mtoto wa dada yake mpwa, awe mvulana au msichana. Baba mdogo hamwiti mtoto wa kaka yake mpwa, humwita mwanangu. Kiingereza kina 'nephew' kwa mvulana na 'niece' kwa msichana. Yaani chapambanua mume na mke, jambo ambalo Kiswahili hakikulijali hapa. Na hakipambanui upande wa ukoo, jambo ambalo Kiswahili kimelijali sana.

Wala Kiswahili hakiko peke yake katika Kenya. Wakikuyu humwita ndugu wa mama kwa neno 'mama', hata mgeni mwenye kujua Kiswahili tu hushangaa asikiapo mzee mwenye ndevu akiitwa hivyo. Wajaluo husema 'nera', yaani mjomba wangu. Waluhya husema 'khotsa'. Wadigo husema 'aphu'. Lugha hizi hazikutoka katika shina moja zote, lakini kila moja imemtengea mjomba jina lake.

WAINGEREZA NAO WALIKUWA NA MANENO MAWILI

Wako watu wanaodhani kwamba Waingereza hawakupata kujua tofauti hii. Sivyo. Waingereza wa kale walimwita ndugu wa baba 'fædera', na ndugu wa mama walimwita 'eam'. Yalikuwa maneno mawili mbalimbali, kama ami na mjomba.

Mwaka 1066 William, mtawala wa Normandy, alivuka bahari akaishinda Uingereza, na tangu hapo wakubwa wa nchi walisema Kifaransa kwa muda mrefu. Maneno mengi ya Kifaransa yaliingia katika Kiingereza, na mojawapo ni 'uncle'. Polepole maneno yale mawili ya kale yalisahauliwa, na hili moja likachukua kazi yote.

Na Wafaransa walilipata wapi? Walilipata kwa Warumi, ambao lugha yao ilikuwa Kilatini. Warumi nao walitofautisha: ndugu wa baba alikuwa 'patruus', na ndugu wa mama alikuwa 'avunculus', maana yake ni babu mdogo. Katika 'avunculus' ndimo lilimotoka 'uncle'. Na neno 'aunt' lilitoka katika neno la Kilatini 'amita', ambalo maana yake ilikuwa dada wa baba. Kwa hiyo 'uncle' lilipozaliwa lilikuwa mjomba hasa, na 'aunt' lilikuwa shangazi hasa. Mwalimu aandikaye 'mjomba' ubaoni amepatia asili ya neno, ila hakupatia matumizi yake ya leo.

Si mataifa yote ya Ulaya yaliyoiacha tofauti hiyo. Waswidi mpaka leo husema 'farbror' kwa ndugu wa baba, na 'morbror' kwa ndugu wa mama. Kwa hiyo isidhaniwe kwamba kuwa na majina mengi ya ukoo ni ushamba, au kwamba kuwa na machache ni maendeleo. Kila watu hushika maneno ya mambo wanayoyajali.

HABARI YA MFALME MTOTO

Hasara ya kuchanganya watu wawili katika neno moja huonekana vizuri katika historia ya Uingereza yenyewe. Tarehe 9 Aprili, 1483, Mfalme Edward wa Nne alifariki. Aliyestahili kukalia kiti chake alikuwa mwanawe, aliyeitwa Edward pia, mtoto wa miaka 12. Mtoto huyu alikuwa na 'uncle' wawili wenye sifa. Mmoja ni Anthony Woodville, aliyekuwa na cheo cha Earl Rivers. Huyo ndiye aliyesimamia malezi yake tangu mwaka 1473 huko Ludlow, karibu na mpaka wa Wales. Wa pili ni Richard, Duke wa Gloucester, mtu wa vita mwenye nguvu nyingi upande wa kaskazini.

Vitabu vya Kiingereza husema kwamba 'uncle' mmoja alikuwa akimpeleka mtoto London ili atawazwe, na 'uncle' wa pili akawazuia njiani. Msomaji mgeni huchanganyikiwa, asijue kwa nini ndugu hawa wapingane. Lakini habari ikisimuliwa kwa Kiswahili hueleweka mara moja. Mjomba alikuwa akimpeleka mpwa wake. Ami akawakuta njiani, akamkamata mjomba na kumchukua mtoto.

Hapo msikilizaji hahitaji kuelezwa zaidi. Mjomba si wa ukoo wa baba, kwa hiyo hawezi kukirithi kiti cha ukoo huo; heshima yake yote i katika uzima wa mpwa wake. Ami ni wa damu ya wafalme, na kati yake na kiti wamesimama watoto wa ndugu zake tu. Earl Rivers alikatwa kichwa mjini Pontefract tarehe 25 Juni, 1483. Richard alitawazwa kuwa mfalme tarehe 6 Julai ya mwaka huo huo. Mtoto yule na mdogo wake waliwekwa katika Mnara wa London, na baada ya mwaka huo hawakuonekana tena hadharani. Mpaka leo wataalamu wa historia hubishana juu ya mwisho wao.

Isifikiriwe kwamba kila ami ni adui. Malkia Victoria alikirithi kiti tarehe 20 Juni, 1837, kutoka kwa William wa Nne, ndugu wa baba yake, kwa amani na kwa haki. Na katika ujana wake mtu aliyemwandikia barua nyingi za kumpa mashauri alikuwa Leopold, Mfalme wa Ubelgiji, ndugu wa mama yake. Mwaka 1840 Victoria aliolewa na Albert, mtoto wa mjomba wake mwingine. Basi kiti alikipata kwa ami, na shauri alilipata kwa mjomba. Kiingereza kinawaita wote wawili 'uncle', na tofauti hiyo nzuri haisikiki.

MAHALI AMBAPO NENO HULETA HASARA

Tufanye kwamba yuko karani katika kampuni moja ya mjini. Mwaka wa kwanza aomba ruhusa ya kwenda nyumbani kumzika baba yake, naye apewa. Mwaka wa tatu aomba tena ruhusa ya kumzika baba yake. Mkubwa wake afungua faili, aona barua ya kwanza, akasirika na kumwita mwongo. Karani hakusema uongo. Kwanza alifariki baba mkubwa, kisha akafariki baba mzazi. Lakini yeye aliandika 'father' mara zote mbili, maana kwake wote ni baba. Kosa halikuwa katika moyo wake. Lilikuwa katika neno. Lau angaliandika mara ya kwanza 'uncle', na kuongeza kwamba ni kaka mkubwa wa baba yake aliyemlea, angalihifadhi heshima yake na kazi yake.

Hatari ni kubwa zaidi mahakamani. Shahidi asema kwa Kiswahili, "Shamba hili nilionyeshwa na baba." Mkalimani aandika 'father'. Baadaye yaonekana kwamba baba mzazi wa shahidi alikufa kabla ya mwaka uliotajwa, na wakili wa upande wa pili asema kwamba ushahidi wote ni wa kutungwa. Kumbe aliyeonyesha mipaka ni baba mdogo. Swali moja tu, "Baba yupi?", lingaliondoa taabu yote hiyo. Vivyo hivyo mtu anayejaza karatasi za kuhamia ng'ambo, akimwandika baba mkubwa kuwa 'father', kisha cheti cha kuzaliwa kikaonyesha jina jingine, huenda akatiliwa shaka hata katika yale aliyoyasema sawasawa.

Mambo ya urithi nayo yataka uangalifu. Katika sheria ya Kiislamu ami huhesabiwa miongoni mwa warithi wa upande wa kiume wanaochukua mali iliyobaki, zamu yake ikifika. Mjomba hayumo katika hao. Yeye ni miongoni mwa jamaa wa mbali, ambao hungojea nyuma kabisa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imezipa Mahakama za Kadhi uwezo wa kuamua mambo ya urithi kwa Waislamu wanaokubali kupeleka shauri lao huko. Basi karatasi inayosema tu kwamba marehemu ameacha 'uncle' mmoja haimwambii Kadhi jambo analohitaji kujua.

Sheria nyingine hufuata njia nyingine. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1925 kuhusu mali ya marehemu humhesabu ndugu wa baba na ndugu wa mama kuwa sawa, zamu yao ikifika. Sheria ya Urithi ya Kenya ya mwaka 1972, iliyoanza kutumika mwaka 1981, nayo hutazama ukaribu wa damu pale ambapo marehemu hakuacha mume au mke, wala mtoto, wala mzazi, wala ndugu wa kuzaliwa au watoto wao; haiulizi ujamaa umepitia kwa baba au kwa mama.

Na miongoni mwa Wadigo wa Kwale, desturi ya kale ilikuwa kwamba mali ya mtu humwendea mpwa wake, yaani mtoto wa dada yake, wala si mwanawe. Dini ya Kiislamu ilipoenea kati yao ilileta kanuni ya mtoto kumrithi baba yake, na kanuni hizo mbili zilipokutana katika shamba moja au katika minazi ile ile, ugomvi ulizuka. Mtu anayetafsiri shauri la namna hiyo kwa kutumia 'uncle' na 'nephew' peke yake, amefuta kiini cha shauri lenyewe.

MATUMIZI YA HESHIMA

Yako matumizi mengine ya neno hili yasiyohusu ukoo. Watoto wa Kiingereza hufundishwa mara nyingi kumwita rafiki mkubwa wa wazazi wao 'uncle' pamoja na jina lake. Katika miji ya Afrika Mashariki desturi hiyo imeenea, na 'anko' limekuwa neno la adabu kwa mtu mzima. Hakuna ubaya, kama vile pwani na bara watu humwita mtu wasiyemjua 'mjomba' kwa kutaka wema wake.

Lakini Marekani neno hili lina historia yenye uchungu. Katika majimbo ya kusini, wakati wa utumwa na hata baada yake, Wazungu wengi hawakutaka kumpa mzee Mwafrika cheo cha 'Mister' kama walivyopeana wao kwa wao. Badala yake walimwita 'uncle'. Sauti ilikuwa ya upole, lakini maana yake ilikuwa kumnyima heshima. Kitabu maarufu cha Harriet Beecher Stowe kilichotoka mwaka 1852, juu ya mtumwa aliyeitwa Uncle Tom, kiliamsha watu wengi dhidi ya utumwa. Hata hivyo jina la mtumwa huyo limegeuka kuwa tusi kwa Mwafrika anayedhaniwa kuwanyenyekea Wazungu kupita kiasi. Kwa upande mwingine, 'Uncle Sam' ni jina la mzaha la Serikali ya Marekani yenyewe, ambalo asili yake husemwa kuwa Samuel Wilson, mfanyabiashara ya nyama wa mji wa Troy, aliyeuza chakula cha jeshi katika vita vilivyoanza mwaka 1812. Neno moja, basi, laweza kuwa upendo, mzaha au dharau, kwa kadiri ya anayelisema na anayeambiwa. Mgeni aliye katika nchi za Kiingereza na atumie 'Mister' na jina la mtu, mpaka aalikwe kusema vingine.

YA KUSHIKA

Yafaa kushika mambo manne.

Kwanza, anayetafsiri kutoka Kiingereza asiandike 'mjomba' kabla ya kujiuliza, "Ni wa upande gani?" Mara nyingi jina la ukoo humsaidia: ndugu wa baba kwa kawaida huwa na jina lile lile la baba, na ndugu wa mama huwa na jina la kwao mama. Isipojulikana kabisa, ni afadhali kuandika "ndugu wa mzazi wake" kuliko kubahatisha.

Pili, anayetafsiri kwenda Kiingereza asiandike 'father' kwa baba mkubwa au baba mdogo. Aandike 'uncle', kisha aongeze kwa maneno machache kwamba ni kaka au mdogo wa baba. Akiwa ndiye aliyemlea mtoto, hilo nalo lisemwe wazi, maana neno 'uncle' peke yake halionyeshi malezi.

Tatu, mbele ya hakimu, daktari au afisa yeyote, mtu aseme "baba mzazi" akimkusudia aliyemzaa, na "baba mdogo" au "baba mkubwa" akimkusudia mwingine. Nyumbani maneno hayo huenda yakaonekana kama kubagua, lakini mbele ya karatasi ni kinga.

Nne, wazazi wawafundishe watoto majina ya ukoo kwa Kiswahili na kwa lugha ya kwao, hata kama mtoto huenda shule ya Kiingereza tangu utoto. 'Anko' litamtosha mtoto kwa kumwamkia mgeni. Halitamtosha siku ya posa, wala siku ya matanga, wala siku ya kugawa shamba. Siku hizo wazee humwuliza kijana, "Huyu ni nani wako?" Na kijana akijibu "ni anko" tu, itambidi kuulizwa mara ya pili.